Jipu Lisilouma

Jipu lina tabia zake ambazo kila mtu anazijua. Linaanza kwa kuwasha, linavimba, linauma hadi mtu akose usingizi, linaiva, linatumbuliwa, na habari yake inaishia hapo. Kivimbe kilichomtoka mjomba wangu kwenye shavu la kulia, vidole viwili kutoka sikioni, hakikufuata hata moja ya tabia hizo. Hakikuwasha wala hakikuuma. Kilikuwa kigumu, ngozi iliyokifunika iling'aa kama imepakwa mafuta, na rangi yake ilikuwa ya zambarau inayoanza kuiva. Ramadhani ilipoanza kilikuwa na ukubwa wa punje ya dengu. Idi ilipofika, wageni waliokuja kula pilau nyumbani kwake Tabata walikuwa wakikitazama kwa kuibia, maana kilikuwa kimefikia ukubwa wa gololi.

Mkaza mjomba alikikanda kwa kitambaa cha maji moto na chumvi kila jioni, jirani akaleta kitunguu kilichochomwa, na mjomba mwenyewe, ambaye hajawahi kukosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, alikuwa akitania kwamba enzi za kutumbua majipu zimepita, kwa hiyo lake litasubiri. Mwishowe alikwenda zahanati moja ambayo sitaitaja. Wakamchoma ganzi, wakakikata, wakamshona nyuzi nne, wakamwambia ni mafuta tu yaliyojikusanya, na kile kinyama wakakitupa kwenye ndoo. Neno hilo "kinyama" nitalirudia, kwa sababu ndilo tunalotumia hapa mjini kwa kipande kinachokatwa mwilini ili kipimwe, na kosa lote la siku ile lilikuwa kwamba kinyama hakikupelekwa popote. Wiki tano baadaye kivimbe kilirudi juu ya kovu lile lile, na chini ya taya pakatokea kingine, kigumu vilevile na kisichouma vilevile.

Kuna jambo ambalo zahanati haikuuliza na sisi hatukulisema, kwa sababu tulikuwa tumelizoea mno hata tukalisahau. Mjomba anaishi na figo ya kupandikizwa. Alipandikizwa India mwaka 2011, wakati upandikizaji wa figo ulikuwa bado haujaanza kufanyika Muhimbili, na tangu hapo hunywa vidonge vya kushusha kinga ya mwili kila siku asubuhi na jioni, ili kinga hiyo isiishambulie figo ambayo si yake. Daktari wa hospitali kubwa tuliyokwenda baadaye aliuliza juu ya dawa kabla hata ya kukigusa kivimbe. Alipojibiwa, aliiweka kalamu mezani, akasema, "Mzee wangu, hiki leo tunakikata, lakini safari hii kinyama kinakwenda maabara."

Majibu yalichukua muda. Mtaalamu wa patholojia aliyeyaandika alikuwa mtu mwenye subira, na nilipomwambia kwamba ninaandika makala, aliniruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Nilichokiona ni uwanja mzima wa vidoa vya bluu, vya mviringo, vilivyobanana kama ulezi uliomwagwa kwenye ungo, kila seli ikiwa karibu yote ni kiini bila nafasi ya kitu kingine. Alinieleza kwamba sura hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu aina moja ya saratani ya mapafu inapohamia kwenye ngozi inafanana nayo sana, na saratani ya tezi za limfu nayo inaweza kumdanganya mtu. Ndipo akabadilisha kioo. Cha pili kilikuwa kimepakwa rangi inayotafuta protini iitwayo keratini namba 20, na humo, pembeni ya kila kiini, palikuwa na nukta moja ya kahawia, kama mtu aliyekaa akazigusa seli zote moja moja kwa ncha ya kalamu. "Nukta hiyo," alisema, "ndiyo inayomtaja." Ilikuwa saratani ya seli za Merkel.

Jina hilo limetoka mbali. Mwaka 1875 mwanaanatomia wa Ujerumani, Friedrich Sigmund Merkel, alieleza kuhusu seli fulani za ngozi zilizokaa karibu na ncha za mishipa ya fahamu, akaziita seli za mguso. Ziko kwa wingi kwenye ncha za vidole na midomoni, na ndizo zinazotuwezesha kutambua mguso mwepesi. Merkel alifariki mwaka 1919 bila kuujua uvimbe unaobeba jina lake, kwa sababu ulielezwa kitaalamu mwaka 1972, pale daktari Cyril Toker alipoandika juu ya wagonjwa watano waliokuwa na uvimbe wa ngozi usiofanana na mwingine wowote. Baadaye hadubini ya elektroni ilionyesha ndani ya seli hizo chembe zinazofanana na zile zilizomo katika seli za mguso, na jina likabandikwa. Leo watafiti wengi wanatia shaka kama kweli uvimbe huu huanzia kwenye seli za Merkel, lakini jina likishazoeleka halitoki kirahisi.

Ni saratani adimu. Marekani, nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, hugundua wagonjwa wapatao 3,000 kwa mwaka. Huwapata zaidi wazee, watu weupe waliopigwa na jua maisha yao yote, na watu ambao kinga yao imeshuka: waliopandikizwa viungo, wenye saratani fulani za damu, na wanaoishi na VVU. Mjomba si mweupe na hakuwahi kuwa mtu wa kukaa juani, maana alikuwa karani wa ghala bandarini. Kilichomweka katika orodha hiyo ni vidonge vyake.

Halafu daktari akasema sentensi iliyovuruga nyumba nzima. Alisema kwamba saratani hii, mara nyingi, inatokana na kirusi.

Mtu ambaye hakukulia Tanzania huenda asielewe uzito wa neno hilo. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, neno "virusi" limebeba mzigo ambao si wake peke yake. Mafua ni ya virusi, surua ni ya virusi, lakini ukisema barazani kwamba fulani "ana virusi", hakuna atakayefikiria mafua. Mkaza mjomba alisikia neno lile moja, na yaliyofuata hayakuingia masikioni. Tuliporudi nyumbani alitenga sahani ya mjomba, akalitoa taulo lake kwenye kamba ya pamoja, na kikombe chake cha chai akakifunga uzi mwekundu kwenye mkono ili wajukuu wasikichukue kwa bahati mbaya. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa akilia huku akiufunga. Mjomba aliutazama ule uzi, akanywa chai yake, akanyamaza.

Nilianza kusoma kwa sababu ya ule uzi, na nikiri kwamba niliyoyakuta yalinishangaza zaidi ya nilivyotarajia.

Kirusi chenyewe kinaitwa polioma cha seli za Merkel. Niseme mapema kwamba hakina uhusiano wowote na polio, ile ya chanjo ya matone. Majina yanafanana kwa sikio tu: polio limetokana na neno la Kigiriki la rangi ya kijivu, na polioma maana yake ni vivimbe vingi, kwa sababu kirusi cha kwanza wa ukoo huu, kilichogunduliwa kwa panya katika miaka ya 1950, kiliwaotesha vivimbe vya namna namna. Hiki cha binadamu kiligunduliwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na kundi la Yuan Chang na Patrick Moore, pamoja na Huichen Feng na Masahiro Shuda. Chang na Moore, ambao ni mke na mume, ndio walewale waliokigundua mwaka 1994 kirusi kinacholeta saratani ya Kaposi, ugonjwa ambao madaktari wa Dar es Salaam wanaujua vizuri mno kutokana na UKIMWI. Virusi vinavyotambuliwa kuwa vinaleta saratani kwa binadamu ni saba hivi, na viwili kati yake vimetoka katika nyumba moja.

Namna walivyokipata inanikumbusha kuchambua mchele. Walichukua vinyama vya uvimbe, wakasoma jumbe za kijenetiki zilizokuwa zikitumika ndani ya seli, karibu laki nne, kisha kwa kompyuta wakaondoa kila ujumbe unaojulikana kuwa wa binadamu. Ukishatoa mchele wote kwenye ungo, kinachobaki ni chuya na vijiwe. Katika mabaki hayo palikuwa na ujumbe mmoja uliofanana na wa kirusi cha polioma cha tumbili wa Afrika. Waliufuata huo mmoja hadi wakakipata kirusi kizima, kipya, na walipopima vivimbe 10 wakakikuta katika 8.

Hapo mtu angetegemea kwamba kirusi kinachokutwa katika vivimbe 8 kati ya 10 ni kitu cha kutisha na cha nadra. Ni kinyume chake. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba watu wazima wengi, takriban 6 hadi 8 katika kila 10, wana kingamwili dhidi yake, maana yake walishakutana nacho. Wengi hukipata utotoni, bila homa wala upele wala dalili yoyote ya kukumbukwa, na hubaki nacho kwenye ngozi. Ukipangusa paji la uso la mtu mwenye afya kwa pamba na kupima, mara nyingi unakikuta. Daktari alipoulizwa tena na mkaza mjomba, safari hii mimi nikiwepo kuhakikisha anasikiliza hadi mwisho, alimjibu taratibu: "Mama, kirusi hiki huenda unacho wewe, ninacho mimi, na wajukuu wako wanakipata wakicheza. Mzee hajakileta yeye nyumbani, na saratani yake haiambukizi. Haihami kwa kikombe."

Swali linalobaki ni kubwa zaidi. Ikiwa tunacho karibu wote, kwa nini saratani impate mmoja katika mamia ya maelfu?

Kirusi hiki ni kidogo mno. Maelezo yake yote ya kijenetiki ni duara la herufi zipatazo 5,400, wakati sisi tuna bilioni tatu. Katika maisha yake ya kawaida ni mpangaji mtulivu: anaingia katika seli ya ngozi, anatumia mitambo ya mwenye nyumba kujinakili, nakala zinatoka na kwenda zao, na duara lake halichanganyiki kamwe na vinasaba vya seli. Saratani huanza pale ajali mbili zinapotokea katika seli ile ile. Ajali ya kwanza ni kwamba duara linakatika, na kipande chake kinapachikwa ndani ya kromosomu ya binadamu, kama mpangaji aliyejengewa ukuta akiwa ndani. Tangu hapo, kila seli inapogawanyika, kirusi kinarithiwa pamoja na mali nyingine za ukoo. Katika utafiti ule wa Pittsburgh, uvimbe wa mgonjwa mmoja na mtoki wake uliokuwa umevamiwa na saratani vilikuwa na kirusi kilichopachikwa kwa namna ile ile, jambo linaloonyesha kwamba kirusi kiliingia kabla saratani haijasambaa. Hakikudandia gari likiwa limeshaondoka.

Ajali ya pili ni ya ajabu zaidi, na ndiyo ninayoipenda, kama mtu anaweza kupenda kitu cha namna hiyo. Kirusi kina protini iitwayo T kubwa, ambayo ina kazi mbili. Sehemu yake ya mbele hushika na kuzuia protini yetu iitwayo Rb, ambayo ni breki ya seli. Jina la Rb limetokana na retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto, ambayo hutokea breki hiyo inapokosekana. Sehemu ya nyuma ya T kubwa ndiyo inayonakili vinasaba vya kirusi. Kirusi kikishapachikwa kwenye kromosomu, sehemu hiyo ya nyuma inakuwa hatari kwa seli yenyewe, kwa sababu inajaribu kunakili pale ilipokwama na kuharibu kila kitu, na seli inakufa. Lakini likitokea badiliko linaloikata protini hiyo katikati, mkia ukapotea na kichwa kikabaki, seli haifi tena, na breki yake inabaki imezuiwa isifanye kazi. Pamoja nayo inaendelea kutengenezwa T ndogo, protini nyingine ya kirusi inayosukuma seli ikue. Breki haishiki, mafuta yanakanyagwa, na dereva hayupo.

Kwa kirusi, hali hiyo ni kifo. Hakiwezi tena kujinakili, hakiwezi kutoka, hakiwezi kumwambukiza mtu yeyote. Saratani ya seli za Merkel haikisaidii kirusi kwa lolote. Ni mahali kilipokwama. Watu huzungumza juu ya virusi kana kwamba vina nia, na mimi mwenyewe nilikuwa nikimwona huyu kama adui aliyekusudia shavu la mjomba. Nilipolielewa hili sikuweza tena kuwaza hivyo. Hata hivyo uvimbe unaendelea kukitegemea: mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walizima protini hizo za T katika seli za saratani zenye kirusi, wakiwa maabara, na seli zikaacha kukua na nyingine zikafa.

Vivimbe visivyo na kirusi, vile viwili kati ya kumi, vina njia yake. Hivyo vimejaa maelfu ya mabadiliko ya vinasaba yanayoacha alama ya mionzi ya jua, wakati vyenye kirusi vina mabadiliko machache sana. Ndiyo maana Australia, kwenye jua kali na watu wengi wenye asili ya Ulaya, vivimbe visivyo na kirusi ndivyo vingi. Uvimbe wa mjomba haukupimwa kirusi chenyewe, kwa sababu jibu lisingebadilisha matibabu, lakini dawa zake za kushusha kinga zilimwelekeza daktari upande wa kirusi.

Na hapa ndipo kinga inapoingia. Seli iliyopata ajali zote mbili bado inatengeneza protini za kirusi, vitu vya kigeni ambavyo askari wa kinga ya mwili wanaweza kuvitambua. Kwa mtu mwenye kinga timamu inawezekana kabisa kwamba seli kama hizo huuawa zikiwa chache. Kwa mtu ambaye askari wake wamelazwa kwa vidonge, hazipati wa kuzizuia. Jambo hilohilo ndilo lililofungua mlango wa tiba mpya: mwezi Machi 2017 Marekani iliidhinisha dawa ya avelumab, inayowaamsha askari hao, na wagonjwa ambao zamani walikuwa na miezi tu wakaanza kupata miaka. Nililisoma hilo usiku, nikampigia daktari asubuhi kwa furaha. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kitu kimoja: "Na figo je?" Dawa inayoamsha kinga dhidi ya saratani haichagui, inaweza kuiamsha dhidi ya figo ya kupandikizwa pia, na mjomba angerudi kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Sikuwa nimeliwaza. Tulikubaliana ibaki kuwa silaha ya mwisho.

Walichofanya ni upasuaji mpana zaidi wa shavu, kuondoa mitoki ya upande ule wa shingo, na mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye majengo ya ufukweni ambayo Wajerumani waliyafungua kuwa hospitali mwaka 1897. Daktari wa figo, kwa upande wake, alipunguza dozi na kubadilisha kidonge kimoja, huku akipima damu kila wiki kuhakikisha figo haijanuna. Mionzi ilikuwa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Kabla ya kuanza walimtengenezea barakoa: karatasi ya plastiki yenye matundu, iliyolainishwa kwa maji ya moto, wakaivuta juu ya uso wake ikiwa bado na joto na kuiacha ikakauka kwa sura yake, ili kichwa kisicheze hata kidogo mionzi inapopiga. Mjomba alisema ilikuwa kama kufunikwa uso kwa chapati iliyotoka jikoni sasa hivi. Siku ya mwisho walimpa aondoke nayo, na sasa imetundikwa kwenye msumari sebuleni, ikiwa na pua yake na kidevu chake, ikiwaogofya wajukuu kuliko kirusi kilivyowahi kuwaogofya.

Taulo lilirudi kwenye kamba ya pamoja siku ileile daktari alipoeleza. Sahani nayo ilirudi. Uzi mwekundu ndio uliobaki, na aliyekataa usikatwe ni mjomba mwenyewe, akisema kwamba katika miaka arobaini ya ndoa hiyo ndiyo mara ya kwanza kupata kikombe ambacho hakuna mtu anayekigusa.

Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kwa hiyo huchunguzwa kila miezi mitatu. Nimemsindikiza mara nne sasa. Daktari humkalisha kwenye kiti, husimama nyuma yake, hupitisha vidole chini ya taya, nyuma ya sikio na kuteremka shingoni hadi juu ya bega, upande mmoja kisha wa pili, akibonyeza polepole kama mtu anayepapasa embe kwa muuzaji. Mjomba hufumba macho. Hakuna anayezungumza hadi vidole vifike begani. Mara zote nne daktari amesema, "Haya mzee, tuonane baada ya miezi mitatu," na mjomba, kabla hajavaa kofia yake, ameuliza swali lilelile: kama kwa hali hiyo anaruhusiwa kuongeza sukari kwenye chai.